Namba Niliyoifungia

Somoe mwanangu,

Sikuulizi hali. Hali yako naiona, umepita hapa mlangoni sasa hivi na beseni la nguo, unaimba, ukaniuliza, "Mama, unaandika nini?" Nikakujibu naandika orodha ya vitu vya dukani. Umeona? Sijamaliza hata mstari wa kwanza nimeshakudanganya. Ndiyo sababu nimeshika kalamu. Kwa mdomo nadanganya haraka mno.

Kesho alfajiri unapanda basi. Mambo ya kula, ya kuvaa na ya kupiga simu ukifika, hayo shangazi zako wamekwisha kukuambia mpaka umechoka, siyarudii. Mimi nina jambo moja nililokuficha kwa miaka miwili. Linamhusu mdogo wako Asumini, mtoto wa mama yako mdogo wa Masasi, ambaye mpaka leo husemi naye. Nikilisema, huenda ukaondoka hapa bila hata kunipa mkono. Nisipolisema, utanikumbatia kesho kwa kitu ambacho si kweli. Nimezunguka nalo tangu asubuhi, nimefua hata mapazia ambayo hayakuwa machafu. Niache nianzie mbali kidogo. Nitafika.

Kwanza nikiri kwamba kazi yenyewe unayokwenda kuifanya bado naishuku. Umenieleza mara kumi. "Mama, mfanyabiashara ana kompyuta inayoandika mauzo yake. Ana mashine ya risiti. Serikali nayo ina mfumo wake wa kodi. Mimi naviunganisha visipishane, na namshauri mwenye biashara asikosee." Vizuri. Nikakuuliza nani atakulipa, mwenye biashara au serikali? Ukasema mwenye biashara. Moyoni nikasema, mh! Mtu anayelipwa na mwenye duka ili aiambie serikali ukweli wa duka, huyo kakaa pabaya. Siku moja wataanza kumwomba ukweli mdogo mdogo.

Na haikuwa kuwaza tu. Nilikuona kwa macho yangu kule Masasi, siku niliyokupelekea ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, nikakukuta kwa yule mzee wa duka la vifaa vya ujenzi. Umekaa juu ya mifuko ya saruji, kompyuta mapajani, waya mdomoni. Mzee akaja akakutazama, akatazama mlangoni.

"Binti, fundi anakuja saa ngapi?"

"Fundi ndiye mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Basi mpigie huyo fundi aje, watu wananisubiri."

Wewe hukubishana. Alipiga simu ofisini kwenu kuomba mwanaume, akaambiwa hakuna mwanaume anayeujua mfumo ule, akakata simu kwa hasira. Wewe unaendelea kubonyeza. Mimi nimesimama pale na kapu langu, damu inachemka, nataka nimwambie huyu ni binti wa nani na kasoma kiasi gani. Baada ya saa moja mashine ikaanza kutoa risiti, mzee akawa mpole kama maziwa. Akakusogelea, akashusha sauti.

"Hivi mwanangu, hii haiwezi kulala kidogo mchana? Saa mbili tu, wateja wakiwa wengi."

"Ikilala hiyo, mzee, atakayekuja kuamshwa ni mimi."

Akacheka, ukacheka. Mimi sikucheka. Nilijivuna mpaka machozi yakanilenga, nakuambia wazi kwa kuwa siku ile sikukuambia. Lakini nilipofika nyumbani nikaanza: mbona alikubali upesi vile? Mbona alicheka? Mwezi uliofuata ukaja na kompyuta mpya. Nikasema, alaa! Mzee wa saruji kampa.

Nikapekua begi lako. Ulikuwa umekwenda bombani. Nilitafuta bahasha, nilitafuta hela, nilitafuta hata barua ya mapenzi. Nilichokuta ni lile daftari lako la jalada jeusi. Nikasoma ukurasa baada ya ukurasa: duka la fulani, nimebadilisha kitu fulani, ameniagiza nani, kwa simu au kwa maandishi, saa ngapi. Kila mteja. Hata yule mzee yumo, umeandika: "Ameomba mashine izimwe mchana. Nimekataa. Mama alikuwepo." Nilikaa chini sakafuni nikalia. Hakuna aliyekufundisha hilo. Na mimi, ambaye ningeligundua mapema ningekuwa mtu mwingine leo, ndiye nilikuwa nakupekua wewe kama mwizi. Basi na hilo nisamehe, ingawa silo nililokalia kuandika.

Wewe unanijua ni mama anayefungia sukari kwa kufuli. Baba yako anasema mimi hata malaika akija kuchukua roho nitamwomba kitambulisho. Sikuzaliwa hivi. Ulipokuwa darasa la tano nilikuwa karani wa chama cha msingi cha wakulima, mwanamke pekee mle ofisini. Jina la chama sitaki kuliandika. Msimu wa korosho wakulima wanaleta magunia, mpima mizani anasoma kilo, mimi naandika, mkulima anapewa stakabadhi yake anakwenda kusubiri mnada. Miaka yote kwa kalamu. Kisha ikaja kompyuta, na mtaalamu mmoja akatufundisha siku mbili. Akasema kila mtu achague neno lake la siri, neno ambalo hawezi kulisahau.

Mimi nisingesahau neno gani duniani? Nikaweka Somoe. Kompyuta ikakataa, ikataka na namba. Nikaongeza moja, kwa kuwa wewe ndiye wa kwanza.

Najua unacheka. Wewe unayejua kazi hizi lazima ucheke. Huku kwetu nani ananiita kwa jina nililopewa na wazazi wangu? Tangu nikuzae mimi ni Mama Somoe. Mwenyekiti akiwa ghalani anaita, "Mama Somoe!" Mlinzi getini, "Mama Somoe, una mgeni!" Siri yangu inapigiwa kelele uani kutwa nzima, na mimi naitika, "Abee!" Wala haikunijia akilini hata siku moja.

Na bado ningesema nimeonewa, kama si kosa jingine. Siku moja nikaitwa msibani, na foleni ya wakulima imejaa uwanja mzima. Mpima mizani akaniuliza, sasa hawa tunawafanyaje? Nimeshajifunga khanga ya pili, niko mlangoni, nikamjibu kwa sauti, "Aa, andika tu jina la mwanangu na moja." Mbele za watu. Nikaenda zangu kulia msiba.

Baada ya wiki mbili akaja Mama Abilahi, yule mama mtu mzima aliyekuwa akikupa mabibo ukitoka shule. Anaulizia magunia yake sita. Stakabadhi hana, siku ile aliambiwa aje aichukue karani akirudi. Tukafungua kompyuta. Magunia sita yapo, siku ni hiyo hiyo, kilo ni hizo hizo, lakini yameandikwa kwa mtu mwingine ambaye hata sura yake hatuijui. Aliyeingiza ni nani? Jina langu.

"Siku hiyo nilikuwa msibani," nikasema. "Kijiji kizima kiliniona."

"Mama Somoe," mwenyekiti akasema, "mashine imekuandika wewe."

Nani alifanya? Sijui mpaka leo. Nilimshuku mpima mizani, akaniapia huku analia. Nikamshuku mwenyekiti, nikamshuku mlinzi. Wiki moja nzima nilimshuku baba yako, ambaye mle ofisini hakuwahi kukanyaga. Kazi ikaisha, hilo niliweza kulimeza. Ambalo sikuliweza ni Mama Abilahi. Nilikutana naye bombani nikamwamkia, "Shikamoo, Mama Abilahi." Akanitazama, akajitwisha ndoo yake, akapita. Kila nilipomwona nilimwamkia, na kila mara alipita. Alikufa hajaniitikia marahaba hata moja.

Nikaapa kwamba sitamwamini mtu tena. Nikadhani huo ndio ujanja nilioupata. Kumbe kosa langu lilikuwa dogo na dawa yake ilikuwa ndogo: linda neno lako, usilitamke mlangoni. Mimi badala ya kujifunza hilo moja nikajifunza kumwogopa kila anayebisha hodi. Hapo ndipo nilipokuponza wewe.

Haya, nimefika.

Unakumbuka mwaka juzi simu yako iliibwa stendi? Kwenye barua zako za kuomba kazi ukaandika namba mbili, yangu na ya Asumini. Jumatatu moja nilikuwa nabangua korosho, mikono imejaa utomvu wa maganda. Simu ikalia, namba ngeni. Sauti ya mwanamke, laini, yenye adabu zake.

"Habari za asubuhi. Naweza kuongea na Somoe?"

"Wewe nani?"

"Napiga kutoka Dar, mama, kampuni ya ushauri wa mifumo ya kodi. Tumempangia usaili Alhamisi."

"Mnataka shilingi ngapi?"

"Hakuna malipo yoyote, mama. Aje tu na vyeti vyake halisi."

Hapo hapo nikasema moyoni, nimekukamata! Wiki ile ile jirani yetu alikuwa amepokea ule ujumbe wa matapeli wa "ile hela tuma kwa namba hii". Na mtu anayeanza kwa kusema hataki hela, huyo ndiye ninayemwogopa kuliko wote. Eti vyeti halisi! Nikamtukana. Siyaandiki niliyomwambia, mengine niliyasema kwa Kimakonde kwa kuwa Kiswahili kiliniishia. Mwanamke wa watu akakata. Baadaye akatuma ujumbe wa heshima kabisa, wenye siku, saa na mtaa. Nikaufuta. Akapiga tena Jumanne, akapiga tena Jumatano, sikupokea. Jumamosi nilipokwenda Masasi nikapita kibandani kwa Asumini, pale anapowatumia watu pesa, nikampa simu. "Nifungie namba hii ya tapeli, mwanangu, mimi siwezi." Akaifungia. Hakuuliza kitu.

Miezi mitatu ikapita. Ukawaandikia tena wale watu, na yule mama aliyenipigia akakujibu kwamba walikupigia, wakatuma na ujumbe, hukutokea. Ulikuja na simu mkononi, umesimama hapo hapo penye beseni sasa hivi. "Mama, ulipigiwa?" Nilikuwa na nafasi, Somoe. Nilikuwa nayo nzima. Ulikuwa umepauka midomo, nikaogopa, nikasema, "Mimi? Sijapigiwa na mtu."

Basi ukamgeukia Asumini. Ukasema amekuonea kijicho, wewe una digrii na yeye aliishia kidato cha nne. Nilikuwa nimekaa pale ulipompigia simu na kumwambia maneno yale. Nilimsikia akijibu mara moja tu, "Mimi sikupigiwa, dada." Kisha kimya. Na mimi kimya. Alipoolewa hukwenda. Nilikwenda mimi, nikakaa mbele na wazazi, nikala pilau, nikapiga vigelegele. Mama yako mdogo akaniuliza, "Somoe yuko wapi?" Nikamwambia ana homa. Najisikia vibaya hata kuliandika.

Miaka miwili umekaa Masasi unafunga mashine za watu wanaokuuliza fundi anakuja saa ngapi, wakati nafasi yako ilikupigia simu, mimi ndiye nikaitukana. Mwaka huu wamekuita kwa namba yako mwenyewe, na umepata. Siku uliyoniambia kwamba meneja wako ni mwanamke, ni yule yule aliyekujibu, nilikwenda nyuma ya nyumba nikatapika. Nilikuambia ni kisamvu.

Jumapili niliposema nakwenda Masasi kununua dawa ya kupulizia mikorosho, sikwenda kununua dawa. Nilikwenda kwa Asumini. Nilimkuta anamnyonyesha mtoto. Nikakaa, nikasema bila kunywa hata maji.

"Asumini, ile simu ya dada yako nilipigiwa mimi."

"Najua, mama mkubwa."

"Unajua nini?"

"Siku ile ya ugomvi dada alinitumia namba ya yule mama wa Dar, niseme kama haikunipigia. Nikaitambua, kazi yangu ni namba. Ndiyo ile uliyonipa niifungie."

 Miaka miwili! Anatukanwa, anajua, na ushahidi upo kwenye simu yangu.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, angekosana na wewe. Akikosana na mimi atarudi tu siku moja. Akikosana na mama yake, likizo ataenda wapi?"

Hata pale, Somoe, tabia yangu haikuniacha. Nilimtazama usoni, nikamtazama mikono, nikatafuta anataka nini kwangu. Nilitafuta sana. Hakuwa anataka kitu. Mtoto akacheua, akamfuta, akasema bila kunitazama, "Lakini nimechoka, mama mkubwa. Nilipojifungua nilimngoja. Nilisema moyoni, kwa mtoto atakuja." Mtoto ni wa kike. Hujui hata jina lake. Sikuandikii, ukamwulize mwenyewe.

Sasa unakwenda kwenye kazi ambayo kushuku ndiyo mshahara. Namba isiyolingana na mwenzake, ishuku. Mteja anayekuambia pembeni kwamba hili tusiliandike, mshuku huyo na umwandike kwenye lile daftari jeusi. Atakayekusogelea kiti akisema, "Hebu nipishe hapo kidogo nikuoneshe," na mfumo umefunguliwa kwa jina lako, toka kwanza ndipo aingie kwa jina lake. Watakuita binti, watakutuma chai kwenye kikao unachokiongoza wewe, watampigia simu mwanaume. Hayo umeyaona na unayaweza kuliko mimi, sina la kukufundisha. Ninachokijua mimi na wewe hukijui bado ni jinsi inavyokuwa ukiirudisha shuku ile nyumbani. Haichagui. Ilianza na mwenyekiti ikaishia kwenye begi lako.

Na yule meneja wako, sitaki umwombe radhi kwa niaba yangu. Niachie namba yake. Ataisikia sauti yangu na atanijua, maana matusi yale hayasahauliki, na nitamwomba mwenyewe kwa Kiswahili. Bado simwamini sana, nikuambie ukweli. Mtu aliyetukanwa namna ile halafu akamwita tena mtoto wa aliyemtukana, ama ana roho nzuri mno ama ana sababu yake. Utaniambia.

Mpango wangu ulikuwa nikutilie barua hii ndani ya vitenge kwenye sanduku, uikute ukiwa mbali, hasira zikuishie huko. Nimeshaikunja mara moja hivyo. Nikaona huo nao ni uongo, wa pili kwa siku ya leo. Kwa hiyo nakupa mkononi sasa, jua bado lipo, nguo hata hazijakauka. Basi linasimama Masasi, Asumini anajua saa, lakini sikumwambia aje stendi wala sikumkataza. Nimemwambia tu kwamba leo utajua. Ukitaka kushuka, utashuka wewe. Ukitaka kuondoka bila kunipa mkono, nitakubebea sanduku mpaka stendi hivyo hivyo, na nitakaa kimya, nami unajua kukaa kimya kunavyonigharimu.

Ukifika mstari huu, mimi nimekaa kwenye mkeka mbele yako tangu ulipoanza kusoma. Sijasema neno. Umefika mwisho, mwanangu. Inua uso, useme.

Mama yako